Alifuata Kanuni, Akaungua

Mama wa kijana alifika kwangu Jumatatu asubuhi, amekumbatia bahasha ya kaki. Mimi hufundisha Kiingereza jioni hapa Arusha, na mchana natafsiri nyaraka: vyeti vya ndoa, hati za mauziano ya viwanja, mikataba ya watu wa utalii. Nilimkaribisha chai, akakataa. "Mwalimu," akasema kabla hata hajakaa vizuri, "wameandika mwanangu ni mwongo. Eti amekiri mwenyewe kwa mwandiko wake. Naomba unisomee, maana mimi sielewi amekiri nini."

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi tatu. Ya kwanza ni maelezo ya kijana, ukurasa mmoja na nusu, yameandikwa kwa Kiingereza kwa sababu fomu ya kampuni ya bima ilikuwa ya Kiingereza. Ya pili ni muhtasari wa maelezo hayo, umechapwa na ofisa wa kampuni. Ya tatu ni barua ya kukataa madai. Nilizisoma mara mbili palepale, nikamwomba anipe siku mbili. Nilichokiona nakiandika kwa ruhusa yake na ya mwanawe, bila majina.

Kijana ana miaka 19. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na hiyo ilikuwa wiki yake ya tatu kwenye karakana ya useremala upande wa Unga Limited. Kazi yake ilikuwa kupiga msasa, kufagia maranda na kuchemsha chai. Ilikuwa Julai, na wanaoijua Arusha ya Julai hawahitaji kuelezwa: Mlima Meru hauonekani mpaka saa tano, na vidole vinagoma kushika patasi. Jiko la mkaa lilikuwa ndani ya karakana, kona ya mlangoni, la chai na la kuota.

Mteja mmoja mwenye nyumba ya wageni alileta viti sita vya mninga, vya zamani, vitolewe vanishi na kupakwa upya. Pamoja na viti akaleta kopo lake la dawa ya kutolea vanishi, kopo la bati lililokaa stoo miaka mingi. Karatasi yake ilikuwa imeliwa na kutu pembeni. Haikuwa na picha ya mwali wa moto kama makopo ya siku hizi, ilikuwa na maandishi tu. Fundi mkuu, mzee anayeweza kukutajia mti kwa kunusa maranda yake, hasomi Kiingereza. Akamwita kijana: "Dogo, wewe umesoma. Hebu niangalizie hapo, wanasemaje?"

Kijana akaligeuza kopo. Mstari mwekundu ulisomeka HIGHLY INFLAMMABLE. Alinieleza baadaye jinsi alivyoufumbua, na nilimwomba anirudie polepole kwa sababu nilitaka kuiona kila hatua. "Flame" ni mwali, neno alilolijua kutoka kwenye kemia. "Able" mwishoni ni kuweza. "In" mwanzoni ni kukanusha, kama "correct" na "incorrect", "complete" na "incomplete". "Highly" ni sana. Akajumlisha. "Wanasema haishiki moto, fundi. Haishiki kabisa."

Hilo "kabisa" lilitoka kwenye "highly". Neno lililowekwa pale kumtisha ndilo lililomtuliza.

Dawa ilikuwa imekuwa nzito kwa baridi. Fundi akasema, "Basi liweke karibu na jiko lipate joto, tuanze kazi." Kijana akaliweka, akalegeza kifuniko, akarudi kwenye msasa wake hatua mbili kutoka pale. Fundi akatoka nje kupokea mbao.

Vimiminika vingi vya kuyeyushia rangi na vanishi haviwaki vyenyewe kama vilivyo, kinachowaka ni mvuke wake. Asetoni, kwa mfano, hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi darini, unashuka na kutambaa sakafuni. Pale sakafuni palikuwa na jiko, na kati ya jiko na kijana palikuwa na maranda. Anasema hakuona moto ukija, aliona tu mkono wake wa kushoto na upindo wa suruali tayari vinawaka. Akafanya walichofundishwa skauti: akajilaza chini, akabingirika, kisha akabaki amelala pale mpaka fundi alipoingia na ndoo ya mchanga. Viti viwili viliteketea. Ngozi ya mkono, kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko, ilibanduka.

Sasa tazama jambo hilohilo lilivyofika kwenye karatasi. Kijana aliandika: "I read the label and the fundi let me put the tin near the stove." Na sentensi chache mbele: "I lied there until the fundi came."

Muhtasari wa ofisa ukasema: "He reads the labels and the foreman lets him put tins near the stove. He admits that he lied until the foreman came."

Nianze na lililomliza yule mama. Kiingereza kina vitenzi viwili vinavyoandikwa "lie". Kimoja ni kulala au kujilaza, kingine ni kusema uongo. Kwa wakati uliopo vinafanana herufi kwa herufi, vinaachana pale tu vinapoingia wakati uliopita: cha uongo kinakuwa "lied", cha kulala kinakuwa "lay". Kijana alitaka kusema nililala pale. Akachukua "lie", akakipa "-ed" kama alivyofundishwa kuvipa vitenzi, na sentensi yake ikageuka kuwa nilidanganya pale mpaka fundi alipokuja. Hilo "there", yaani "pale", lingeweza kumwokoa, kwa sababu hakuna mtu anayedanganya pale sakafuni. Lakini ofisa alipofupisha aliliacha neno hilo, na aliyesoma muhtasari huko juu hakuyaona maelezo ya awali.

Kinachoniuma ni kwamba hapa kijana hakubahatisha, alifuata kanuni. Na kanuni hii ina mtego ndani ya mtego, kwa sababu hiyo "lay" aliyotakiwa kuiandika ni pia kitenzi kingine kabisa, kulaza au kuweka kitu chini, ambacho chenyewe wakati uliopita ni "laid". Mswahili angeweza kukielewa kwa urahisi kama angeelezwa kwa lugha yake, maana sisi tunacho kitu hichohicho: lala na laza. Anayelala analala mwenyewe, anayelaza analaza mwingine. Lugha za kale zilizozaa Kiingereza zilikuwa na mbinu ya kugeuza kitenzi kuwa cha kusababisha kwa kubadili irabu ya katikati, na mabaki yake bado yapo: "sit" ni keti na "set" ni weka, "rise" ni inuka na "raise" ni inua, "lie" ni lala na "lay" ni laza. Sijawahi kuona mwanafunzi akielezwa hivyo shuleni. Tuliimba go, went, gone na take, took, taken kama kwaya, na anayesahau ubeti anachapwa.

Vitenzi vya namna hii, visivyofuata kanuni ya "-ed", ni kama 200 hivi, na si vya pembeni. Chukua vile vinavyotumika zaidi kuliko vyote: kuwa, kuwa na, kufanya, kusema, kwenda, kupata, kutengeneza, kujua, kufikiri, kuchukua. Hakuna hata kimoja kinachofuata "-ed". Kila mtoto wa Kiingereza anavisikia mara elfu kabla hajaingia darasani, ndiyo maana havikumomonyoka. Vingi vya vile visivyosikika kiasi hicho vilisalimu amri: "help" zamani wakati uliopita kilikuwa "holp", leo ni "helped". Kijana wetu alikutana navyo darasani tu. Shule yake ya msingi ilikuwa ya Kiswahili, na sekondari akaambiwa kila somo ni Kiingereza. Masikio yake hayakupewa zile mara elfu.

Lakini sentensi iliyoua madai si ile ya uongo. Barua ya kukataa ilitaja sababu mbili, na ya kwanza ilikuwa kwamba karakana ina mazoea ya kuweka vimiminika hatari karibu na moto, kwa idhini ya msimamizi. Mazoea! Nilirudi kwenye mwandiko wa kijana nikatafuta mazoea hayo yametoka wapi.

Yametoka kwenye "read", "let" na "put". Hivi ni vitenzi ambavyo wakati uliopita havibadiliki kwa maandishi. "Put" ni weka na ni uliweka. "Let" ni hivyohivyo, na wenzake "cut", "shut", "hit", "hurt", "cost". "Read" kina ujanja wake: ukitamka unasikia tofauti, kilichopita kinasikika kama rangi nyekundu, "red", lakini ukiandika tofauti inapotea. Laiti kijana angesimulia kwa mdomo, sauti ya "read" peke yake ingemwambia ofisa kwamba hii ni jana. Kwenye karatasi "I read, he let, I put" inaweza kuwa siku ile moja, na inaweza kuwa kila siku.

Ofisa akaisoma kama kila siku. Kisha, kwa kuwa alikuwa anahamisha maneno kutoka kwa mimi kwenda kwa yeye, akafuata kanuni yake aliyoimbishwa na yeye shuleni: nafsi ya tatu umoja, ongeza "s". "He reads. The foreman lets." Kwa Kiingereza, hiyo "s" ikishakaa, shaka imekwisha, hapo umesema husoma, humruhusu. Herufi moja ikawahamisha kutoka asubuhi moja ya Julai hadi kwenye tabia ya karakana nzima. Akaongeza na wingi, kopo likawa makopo.

Simlaumu ofisa kama mtu. Ninachokilaumu ni kumlazimisha kijana aeleze kuungua kwake kwa lugha ambayo hana umilki wa nyakati zake, wakati anayo lugha ambayo nyakati zake anazimiliki kama mkono wake mwenyewe. Nilimwomba anisimulie kwa Kiswahili. Hii ndiyo sentensi yake, nimeinukuu kama ilivyo: "Nilisoma, nikamwambia fundi, akaniambia niliweke karibu na jiko, nikaliweka." Hakuna anayeweza kuipotosha hiyo. Ile "li" ya kwanza imeifunga siku. Zile "ka" zimepanga matukio kama ngazi, moja baada ya jingine, mara moja tu. Angetaka kusema ni mazoea angesema husoma, huwa ananiambia, huliweka. Na angalia jambo la tatu lililopotea kwenye Kiingereza chake: aliandika fundi "let me", aliniruhusu. Kwa Kiswahili alisema akaniambia niliweke. Kuruhusiwa na kuagizwa vina uzito tofauti sana pale watu wanapotafuta wa kubeba lawama, hasa kwa mtu mwenye wiki tatu kazini.

Nirudi kwenye kopo, maana bila kopo hizi karatasi zisingekuwepo.

Kilatini kilikuwa na "in" mbili zilizofanana sura. Moja ilikanusha. Nyingine ilimaanisha ndani, au kuingia katika hali fulani. Kiingereza kilirithi maneno ya zote mbili bila kuweka alama ya kuzitenganisha. "Inflammable" linatokana na kitenzi cha Kilatini "inflammare", kutia mwali, na "in" yake ni ile ya kuingia. Kwa hiyo tangu lilipoingia kwenye Kiingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1600, limekuwa na maana moja tu: kinachoweza kuwaka. "Flammable" ni mdogo wake aliyekuja karne mbili baadaye, na maana yake ni ileile. Hatari ilionekana mapema. Miaka ya 1920 chama cha kitaifa cha kinga ya moto cha Marekani kilianza kuhimiza "flammable" itumike kwenye lebo, na mwaka 1959 taasisi ya viwango ya Uingereza ikashauri hivyohivyo, kuepusha utata. Hizo zote ni nchi za watu waliozaliwa na Kiingereza. Kama wao walihofiwa kuchanganyikiwa, kijana wa kidato cha nne anaitwaje mzembe?

Na hizi "in" mbili hazikuishia hapo. Ikikutana na "p" inageuka "im", na utata unahamia nayo: "impossible" ni isiyowezekana, lakini "import" ni kuingiza. Kijana alilijua "import" vizuri sana, kila duka la vipuri limeliandika mlangoni. Hakuna aliyemwambia kwamba "im" ya "import" na "in" ya lile kopo ni ndugu. "Inhabitable" ni panapokalika, na ukitaka kukanusha inabidi uongeze "un" mbele yake. "Un" nayo ina mambo yake, kwani "unlockable" inaweza kuwa kisichofungika na inaweza kuwa kinachofunguka, mlango mmoja na maana mbili zinazopingana. Kiswahili hakituachi hapo. Kukanusha kuna "si" na "ha" mwanzoni, na kutengua kuna "ua" mwishoni: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, tega na tegua. Haifungwi na inafunguliwa haziwezi kugongana hata usingizini.

Lazima niseme na la kwangu. Nimesimama ubaoni miaka mingi nikiandika "in-, im-, il-, ir-" na mbele yake alama ya sawasawa na neno "si". Sikuwahi kuweka "inflammable" pembeni kama onyo. Kijana hakuwa mwanafunzi wangu, lakini angeweza kuwa. Tangu Jumatatu ile, hilo ndilo neno la kwanza ninaloandika nikifika kwenye somo hilo, na ninalisomesha kwa sauti mpaka kila mtu amelirudia.

Kuna mtu mmoja ninayemkumbuka kila nikisoma faili hili: Benjamin Lee Whorf. Wasomi wa lugha wanamfahamu kwa mawazo yake juu ya lugha na fikra, lakini mshahara wake ulitoka kwenye kampuni ya bima ya moto huko Hartford, Marekani, alikofanya kazi ya kinga ya moto kuanzia 1919 hadi alipofariki 1941. Akichunguza ajali, aliona kwamba wafanyakazi walikuwa waangalifu sana karibu na mapipa yaliyojaa petroli, lakini karibu na mapipa yaliyoitwa matupu walivuta sigara bila wasiwasi, wakati mapipa hayo ndiyo yenye hatari zaidi kwa sababu yamejaa mvuke. Neno "tupu" liliwaambia hakuna kitu. Whorf hakuishia kuandika kwamba mfanyakazi alikuwa mzembe, aliuliza neno lilimwambia nini. Natamani swali hilo liwe na nafasi yake kwenye kila fomu ya madai.

Tulichofanya ni hiki. Kijana aliandika maelezo mapya kwa Kiswahili, kurasa mbili, akatia sahihi kila ukurasa. Nikayatafsiri, nikaambatisha barua inayoonyesha sentensi zake mbili za Kiingereza, muhtasari wake, na mahali maana ilipogeuka. Nikapiga picha ya kopo, maana fundi alikuwa amelihifadhi, na ule mstari mwekundu bado unasomeka. Kwenye barua nikakumbusha kwamba mwaka 2021 sheria zetu zilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo kama hakimu anaweza kuyapokea maelezo ya kijana huyu kwa Kiswahili, sioni kwa nini dawati la madai lishindwe.

Tuliitwa baada ya wiki tano. Ofisa aliyetupokea hakuwa yule wa mwanzo. Aliyasoma maelezo ya Kiswahili kwa sauti, akafika kwenye "nikajilaza chini, nikabingirika, nikabaki nimelala pale mpaka fundi alipokuja na mchanga", akanyamaza, akachukua muhtasari wa zamani akauweka kando yake. Kisha akamuuliza kijana, "Kwa hiyo hapa ulikuwa umelala?" Kijana akajibu, "Ndiyo, nilikuwa nimelala." Mama yake alikuwa ameketi nyuma yetu, nikamsikia akivuta pumzi.

Gharama za matibabu wamezikubali, na neno la kukiri uongo limefutwa kwenye faili kwa maandishi. Hoja ya mazoea nayo imeondolewa. Viti bado. Kampuni inasema kopo lililetwa na mteja, kwa hiyo mteja ndiye wa kuulizwa, na mteja anasema yeye alileta kopo lenye maandishi. Fundi amewatengenezea viti viwili vipya kwa mninga wake mwenyewe, na hajalipwa. Kijana amerudi kazini. Msasa anaushika kwa mkono wa kulia, wa kushoto bado haufungi ngumi.